Kufundisha watoto wadogo aina za mawingu: toka nje kwanza, majina yatakuja

Mwaka wa kwanza nilipofundisha mawingu katika darasa la awali, hapa Moshi, nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Nilibandika manila ubaoni, nikachora mawingu manne, nikaandika majina yake, watoto wakayaimba mpaka yakawakaa. Kisha nikawaambia kila mmoja achore wingu. Darasa zima likachora kitu kilekile: kichaka cha pamba chenye tumbo bapa, matone matatu ya buluu chini yake, na jua linalochungulia kwenye kona ya karatasi. Nikageukia dirishani. Ulikuwa mwezi wa saba, na anga lote lilikuwa la kijivu kama sufuria iliyofunikwa juu ya mji. Kichaka hata kimoja hakikuwepo, jua ndiyo kabisa.

Watoto hawakuwa wamekosea. Walichora wingu la manila, maana ndilo nililowapa. Tangu siku hiyo nimegeuza mpangilio: tunaanza nje, tunatazama, tunabishana, na majina ya kitaalamu yanakuja mwisho kabisa kama yanakuja. Ninayoyaandika hapa yanamfaa mwalimu wa awali au wa darasa la kwanza na la pili, na pia mzazi mwenye mtoto wa miaka 4 hadi 8 nyumbani. Hakuna cha kununua. Utahitaji mkeka, karatasi, kalamu za rangi, sufuria yenye mfuniko, birika, chupa tupu ya maji, kibiriti, makopo mawili na kokoto.

Wewe mwenyewe ujue nini kabla ya kuanza

Wingu si moshi wala si pamba, na si mvuke pia, ingawa wengi tunasema hivyo. Mvuke hauonekani kwa macho. Wingu ni maji yaliyotoka kwenye mvuke uliopoa yakawa vitone vidogo mno, au chembe za barafu kama liko juu sana kwenye baridi. Kitone kimoja cha wingu kina upana wa kama milimita 0.02. Tone la mvua la kawaida lina milimita 2 hivi. Ukipiga hesabu ya ujazo, vitone vya wingu kama milioni moja ndivyo vinavyofanya tone moja la mvua.

Wataalamu wa hali ya hewa duniani wanagawa mawingu katika aina kuu 10. Usiwafundishe watoto wadogo aina 10. Utawachosha na wewe utachoka. Ugawaji huo ulianzia kwa Luke Howard, mfamasia wa London, ambaye mwaka 1802 alisoma mbele ya wenzake pendekezo la kuyapa mawingu majina ya Kilatini. Napenda kuwaambia watoto wakubwa kidogo kwamba mtu huyo alikuwa muuza dawa. Kutazama mawingu ilikuwa kazi aliyoifanya kwa kupenda tu, na dunia nzima ikamfuata.

Majina yake ya msingi yanaeleza umbo tu. Kumulusi ni lundo. Stratusi ni kilichotandazwa, yaani shuka. Sirusi ni msokoto wa nywele. Nimbusi ni wingu la mvua. Mengine karibu yote ni mchanganyiko wa hayo. Kwa hiyo mtoto akiweza kutofautisha lundo, shuka na unywele, amekwisha kushika mzizi wa somo lote, hata kama hajawahi kusikia neno moja la Kilatini.

Siku ya kwanza: mkeka na kimya

Chagua siku yenye mawingu yaliyotawanyika, yale ambayo Kiswahili chetu kinayaita mavundevunde. Wafundishe neno hilo hapohapo. Ni tamu mdomoni na watoto wa mjini wengi hawalijui.

Tandika mkeka penye kivuli cha ukuta au ukingoni mwa mti, ili jua liwe nyuma ya kitu. Kabla hawajalala chali toa amri moja: hakuna kulitazama jua, hata kwa jicho moja, hata kwa sekunde moja, hata kupitia uwazi wa vidole. Irudie kila siku mnapotoka. Watoto husahau, na jicho likiungua halisemi.

Sasa kila mtoto achague wingu lake moja dogo, alitazame bila kuliacha. Dakika tano kwa wa miaka 4, kumi kwa wakubwa. Usiseme kitu. Hapa walimu wengi tunashindwa, tunaanza kueleza. Nyamaza. Kitakachotokea ni kwamba baadhi ya mawingu yale madogo yatakufa. Wingu dogo la lundo linaweza kuyeyuka lote mbele ya macho yako ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Mara ya kwanza mtoto mmoja alipiga kelele, “Mwalimu, langu limeisha!” na wenzake wakaacha mawingu yao kuja kutafuta la kwake. Nimefundisha miaka mingi, na sijaona picha yoyote ya ukutani inayofanya kazi hiyo.

Baada ya hapo ndipo muulize. Lako lilikuwa linaelekea wapi? Lilikuwa linakua au linapungua? Chini yake palikuwa bapa au pamevurugika? Ukingo wake ulikuwa mkali kama umekatwa kwa mkasi, au umechakaa kama kitambaa kilichopauka? Maswali manne yanatosha.

Siku ya pili na ya tatu: majina yao wenyewe

Toka nao tena, waambie leo kila wingu lipewe jina la kitu cha nyumbani. Andika yote, hata yanayochekesha. Darasani kwangu nimepata maandazi, povu la omo, godoro la babu, bisi, na moja ambalo nimelitumia hadi leo: “uwanja uliofagiliwa.” Mtoto aliyelisema alikuwa anatazama mawingu ya juu sana, meupe, membamba, yenye mistari iliyopinda. Ukitaka kujua alikuwa sahihi kiasi gani, ufagie uwanja wa udongo asubuhi kwa fagio la chelewa halafu uangalie alama zinazobaki. Hilo ndilo sirusi.

Majina hayo yapange pamoja na watoto katika mafungu matatu. Mimi huchora duara tatu chini kwa chaki. Malundo: yale yaliyojaa, yenye vichwa vya mviringo. Mashuka: yale yasiyo na mwanzo wala mwisho, yanayofunika anga lote kwa rangi moja. Mafagio: yale membamba yenye mistari. Watabishana kuhusu mengine wayatie wapi. Waache. Hata wapimaji wa hali ya hewa vituoni hukutana na mawingu yaliyo nusu hivi nusu vile, ndiyo maana kuna majina kama stratokumulusi, shuka iliyojaa malundo.

Kwa mtoto wa miaka 4 au 5, unaweza kuishia hapa kwenye maumbo na ukaruka hadi jikoni. Hajapungukiwa na kitu.

Kimo: mlima wetu ni rula

Watoto hufikiri mawingu yote yako sehemu moja, kama dari. Hapa Moshi tuna bahati ambayo walimu wengine wangeinunua kama inauzwa. Kilele cha Kibo cha Mlima Kilimanjaro kina mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, cha Mawenzi mita 5,149, na mji wenyewe hauzidi sana mita 900 tunakosimama. Kwa hiyo mbele ya dirisha letu imesimama rula ya kilomita tano.

Toka nao saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, mlima ukiwa wazi. Muulize: lile wingu liko mbele ya mlima, nyuma, au juu yake? Limeufikia kiunoni au kichwani? Yale yanayouzunguka mlima msituni, Kibo kikiwa kimechomoza juu yake, ni mawingu ya chini, kwa kuwa wanaona kwa macho yao kwamba mlima umeyapita. Yale mafagio yaliyopita juu kabisa ya theluji ni ya juu, na kwa sababu huko ni baridi kali, yametengenezwa kwa chembe za barafu. Katika nchi za joto kama zetu mawingu ya namna hiyo hukaa kati ya kilomita 6 na 18 hivi.

Rudi nao saa nne. Mara nyingi mlima umeshajifunika. Usiwape jibu haraka, waulize nani aliufunika. Kinachotokea ni kwamba jua linapasha miteremko joto, hewa yenye unyevu wa msitu na mashamba inapanda kuufuata mlima, inapoa kadiri inavyopanda, na mvuke uliomo unageuka vitone. Wingu halikutoka mahali likaja kuuficha mlima. Limezaliwa palepale. Jambo hili huwashangaza hata wazazi.

Siku nyingine utauona mlima umevaa kofia laini, kama bakuli lililofunikwa juu ya Kibo, na upepo unavuma lakini kofia haisogei. Hewa inapanda upande mmoja na kugeuka wingu, inateremka upande wa pili na wingu linayeyuka, kwa hiyo kofia inashonwa na kufumuliwa wakati huohuo. Waambie tu hivyo, wanaelewa.

Asiye na mlima atumie mkono. Huu ni mtindo wa wapimaji wenyewe kwa mawingu yenye vipande vipande. Nyosha mkono mbele hadi mwisho, elekeza kwenye vipande vilivyo juu vizuri, si vile vya mbali karibu na upeo, kisha jaribu kukificha kipande kimoja. Kikifichwa chote na kidole cha mwisho, hayo ni mawingu ya juu. Watoto wangu huyaita mchele, wataalamu sirokumulusi. Kikihitaji vidole viwili au vitatu, ni ya katikati, bisi, yaani altokumulusi. Kikizidi vidole vitatu, ni ya chini, maandazi, stratokumulusi. Wazazi huniuliza kama mkono mdogo wa mtoto hauharibu kipimo. Hauharibu, kwa sababu mkono wake ni mfupi pia, na uwiano unabaki karibu uleule.

Kuna wingu moja la chini ambalo mtoto anaweza kuingia ndani yake: ukungu. Watoto wanaokwenda kwa bibi kule Marangu au Kibosho miezi ya baridi wamekwisha kutembea ndani ya wingu wakienda kuchota maji, na hakuna aliyewaambia. Ukungu ni stratusi iliyogusa ardhi. Waulize ulikuwaje. Watasema nywele zililowa bila mvua kunyesha, na hapo watakuwa wameeleza wingu kuliko kitabu. Wa Lushoto, Njombe au Limuru nao wana somo hilo mlangoni. Wa Unguja na Pemba wana jingine: asubuhi watazame mawingu yaliyolala juu ya bahari, mchana watazame yanavyojikusanya juu ya kisiwa, kisha wajiulize kwa nini.

Jikoni: kulitengeneza wingu

Hapa mtu mzima ndiye anayeshika moto. Watoto wakae hatua mbili au tatu kutoka kwenye jiko, wamekaa chini.

Chemsha maji kwenye birika. Yakianza kuchemka sana, waonyeshe mdomo wa birika. Pale mdomoni kabisa hapaonekani kitu. Sentimita chache mbele ndipo panapotokea weupe. Pale pasipoonekana kitu ndipo palipo na mvuke, na ule weupe ni wingu. Ni hatari pia, mvuke usioonekana unaunguza kuliko ule weupe, kwa hiyo usimruhusu mtoto ausogelee akauguse.

Sasa chukua mfuniko wa sufuria uliokaa kwenye maji baridi, ukaushe, uushike kwa kitambaa juu ya sufuria inayochemka. Baada ya muda mfupi ugeuze kidogo waone chini yake: umefunikwa na vitone vidogo kama jasho. Urudishe. Ugeuze tena: vitone vimeungana, vimekuwa vikubwa, vingine vinaanza kuteleza na kudondoka. Hiyo ndiyo mvua. Nimeona watu wakitumia sponji iliyojaa maji, au povu la kunyolea ndevu juu ya glasi ya maji yenye rangi. Linapendeza kwenye picha, sikatai. Lakini mtoto anatoka pale akidhani wingu ni mfuko unaojaa na kutoboka. Mfuniko wa ugali unamwambia kweli: vidogo vinaungana, vinakuwa vizito, vinaanguka.

Jaribio la pili ni la chupa. Tia vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya plastiki inayobinyika, tikisa. Washa kijiti cha kibiriti, kizime, ingiza moshi wake kidogo ndani ya chupa, funga kizibo kwa nguvu. Mpe mtoto aibinye kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote, kisha aiachie ghafla. Ndani ya chupa patatokea ukungu mweupe. Akibinya unatoweka, akiachia unarudi. Ukiachia, hewa ya ndani inatanuka na kupoa, na mvuke unashikamana na chembe za moshi. Angani vitone hushikamana na vumbi, chumvi ya bahari na moshi vilevile. Hewa inayopanda Kilimanjaro inafanya hichohicho: inatanuka, inapoa, inafunika mlima. Mara nyingi jaribio likigoma, sababu ni kizibo kilicholegea au moshi uliokuwa mchache.

Kwa nini wingu la mvua ni jeusi?

Swali hili litakuja, andaa karatasi kabla. Nyanyua karatasi moja nyeupe dirishani, waone mwanga ukipita. Ongeza ya pili, ya tatu, mpaka kumi. Kila ukiongeza, upande wao unaingia giza, ingawa kila karatasi ni nyeupe. Wingu la mvua ni nene, na sisi tuko upande wa chini. Mtu aliye kwenye ndege juu yake analiona jeupe linalong'aa. Mtoto mmoja aliwahi kuniambia wingu jeusi ni chafu kwa sababu limekaa Moshi. Tulicheka, lakini alistahili jibu.

Swali la pili litakuwa: mbona halianguki? Wingu la lundo la kiasi, lenye ujazo wa kilomita moja kila upande, linaweza kubeba maji ya kama tani 500. Sawa na tembo dume wakubwa mia moja hivi. Mtoto akisikia hivyo atatazama juu kwa wasiwasi. Mpeleke kwenye chumba chenye giza ambamo mwanga unaingia kwa ufa, pigapiga mto, aone vumbi linavyoelea kwenye mwanga kama haliwahi kuanguka. Vitone vya wingu ni vidogo hivyo, vimetawanyika hivyo, na hewa ya joto inavisukuma juu kutoka chini.

La tatu ni ule mstari mweupe wa ndege. Si moshi tu. Mvuke unaotoka kwenye injini unaganda kuwa barafu kwenye baridi ya juu, kwa hiyo ni wingu lililotengenezwa na ndege. Waulize kwa nini ndege inayoshuka kutua KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, haiachi mstari. Wa miaka 8 wanaweza kulijibu wenyewe.

Chapati ya anga

Baada ya wiki moja anzisha kumbukumbu. Kata duara la karatasi, likunje mara tatu, likifunguliwa lina vipande vinane. Wapimaji wa hali ya hewa wanapima anga kwa sehemu nane hivyohivyo. Sisi tunaita chapati. Swali la kila siku ni: mawingu yamekula vipande vingapi? Mtoto wa zamu anasimama katikati ya uwanja, anageuka pande zote, anatamka idadi, anapaka vipande hivyo kijivu. Pembeni anachora lundo, shuka au fagio.

Fanyeni saa mbili asubuhi, saa sita mchana, na aliye nyumbani saa kumi jioni. Zamu zizunguke, na aliye zamu asisahihishwe mbele ya wenzake. Mmoja atasema vitano na mwingine vitatu, haidhuru. Baada ya mwezi bandikeni chapati zote ukutani kwa mpangilio wa tarehe. Bila wewe kusema neno, mtoto fulani ataona kwamba malundo huzaliwa adhuhuri na kunenepa alasiri, au kwamba mwezi wa sita na wa saba chapati zote ni za kijivu hadi ukingoni.

Makopo mawili

Methali inasema dalili ya mvua ni mawingu, na watoto wanaijua. Kazi yenu sasa ni kuuliza: mawingu yapi? Weka makopo mawili, moja la “itanyesha,” jingine “hainyeshi.” Kila asubuhi baada ya kutazama, kila mtoto anatia kokoto moja. Kesho yake mnahesabu nani alipata.

Wewe pia tia kokoto yako, na ukubali kukosea hadharani. Siku moja ya mwezi wa nne nilitia “itanyesha” kwa kujiamini kabisa, nikawasimulia na sababu zangu. Jua likawaka hadi jioni. Kesho yake walinisubiri mlangoni. Hata shikamoo ilisemwa nusu, walikuwa wanataka kokoto yangu.

Kadiri siku zinavyokwenda watagundua mambo haya, na wewe uyatie nguvu pale tu wanapoyataja. Malundo madogo yaliyotengana, mapana kuliko urefu wake, huwa hayana mvua. Mafagio ya juu hayanyeshi kwetu. Shuka nyembamba ya chini hutoa manyunyu tu. Shuka nene ya kijivu isiyoonyesha jua liko wapi, nimbostratusi, ndiyo ile ya masika ya kunyesha taratibu kutwa nzima, watu wakashindwa kwenda sokoni. Na lundo linalopanda juu kuliko upana wake, likiendelea kupanda, si la kubezwa.

Wingu moja la kuogopa

Hili ndilo jina pekee la kitaalamu ninalowafundisha hata wa miaka 5, kwa kuwa linafurahisha kulitamka: kumulonimbusi. Ni lundo lililokua likawa mnara. Kwetu kilele chake kinaweza kufika kilomita 15 na kuzidi, yaani zaidi ya mara mbili ya Kibo. Juu hutandaa bapa kama uyoga, chini ni jeusi. Ndilo lenye radi, upepo wa ghafla, na mvua ya mawe.

Kanuni kwa wadogo ni fupi: ukisikia ngurumo, ingia ndani. Ndani maana yake nyumba yenye kuta na paa. Banda la wazi halitoshi, na mwembe wa uwanjani ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Wafanyeni mazoezi ya kukimbilia darasani siku ya jua, ili siku ya radi miguu iwe inajua njia.

Wakubwa wanaweza kuhesabu wakiwa ndani. Mwanga unafika papo hapo, sauti inachukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Wakihesabu hadi 9, radi ilikuwa kilomita tatu hivi. Hesabu isipofika 30, hakuna wa kutoka, na baada ya ngurumo ya mwisho mnangoja nusu saa. Kuhesabu kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea: mtoto anayehesabu halii.

Majina ya Kilatini, kwa wanaoyataka

Kwa wa miaka 7 na 8 andika vikadi vinne: sirusi, kumulusi, stratusi, nimbusi. Waambie maana yake, kisha waunganishe wenyewe. Shuka yenye mvua? Nimbostratusi. Lundo lenye mvua? Kumulonimbusi. Shuka ya juu kabisa? Sirostratusi, ile inayouwekea mwezi duara usiku. Mwambie mtoto autazame mwezi akiwa na mzazi wake. Duara la jua tuliache. “Alto” nayo inatatiza, maana kwa Kilatini ni juu lakini mawingu yake ni ya katikati. Nikiulizwa ninasema waliolipa jina hilo hawakuwa na mlima wa kupimia, nao wanaridhika.

Siku isiyo na wingu

Mwezi wa kwanza na wa pili, kaskazi ikivuma, tunapata asubuhi ambazo anga halina hata doa. Mwanzoni nilikuwa nafuta kipindi. Kosa. Sifuri nayo ni kipimo, na kituo chochote cha hali ya hewa kinaiandika. Siku hizo tunatoka kama kawaida, aliye zamu anageuka pande zote nne, anahakikisha hakuna kilichojificha nyuma ya Mawenzi, anatangaza “sifuri,” anapaka vipande vyote vinane buluu. Hakuna anayekubali kuacha sehemu nyeupe. Mwaka jana kalamu ya buluu ya darasa iliisha kabla Februari haijafika katikati, na mama mmoja akaniuliza getini tunachora nini huko ndani, mbona mwanawe anataka anunuliwe rangi moja tu.